Kuhara na vidonge vya akiba

Ndugu Waislamu, Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, lakini kujitibu siyo kubwia kila kidonge. Juzi jirani yangu alishikwa na kuhara maji matupu, homa hana. Akaja kuniomba vidonge vya metronidazoli nilivyobakiza. (Kosa langu hilo, sikumaliza dozi.) Nikamuuliza, umekunywa ORS? Hakunywa.

Kuhara kwa namna hii, kwa mtu mzima mwenye afya, aghlabu huisha kwenyewe baada ya siku chache. Mara nyingi chanzo ni virusi, na antibiotiki haziui virusi. Kinachoua ni kukaukiwa maji mwilini. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi, basi.

Antibiotiki zina mahali pake: anayehara damu akiwa na homa, au aliyekaushwa na kipindupindu, na huyo maji hutangulia dawa. Hapo aamue daktari. Qur'an imetuamrisha kuwauliza wenye elimu. Kuzimeza pasipo haja huvizoesha vijidudu, na dawa ikikataa kufanya kazi, atakayeikosa ni mgonjwa mwingine kabisa. Dhulma hiyo, je, tumeifikiria?

Jirani aliondoka na pakiti mbili za ORS, kanuna kidogo.