Kipimo Kimoja kwa Wote: Je, Ndiyo Haki?

Bwana Yesu alitoa mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka mara tano kutafuta vibarua: alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa saa hizo, kwa maana hesabu ya Injili ni hesabu yetu wenyewe. Jioni ile alikuta watu wamesimama bado. Aliwauliza sababu, nao wakamjibu ya kwamba hakuna mtu aliyewapa kazi.

Mara nyingi tusomapo mfano huo twafikiri juu ya mshahara na manung'uniko ya wale wa asubuhi. Leo twapenda kuwatazama wale wa jioni. Kwa nini walibaki? Injili haisemi ya kuwa walikuwa wavivu. Yeyote aliyewahi kuona vibarua wakichaguliwa mapema asubuhi katika mji wetu wa Butembo ajua mambo yalivyo: huchukuliwa kwanza mwenye kifua kipana, mwenye ulimi mwepesi, na mwenye ndugu mlangoni. Abakiye si lazima awe hawezi kazi. Labda hakufanana tu na yule ambaye bwana kazi amezoea kumchukua.

Katika hao wanaobaki wamo vijana wenye usonji. Ndilo jina watumialo ndugu zetu wa Tanzania. Madaktari wetu wa Kongo hutumia jina la Kifaransa, otismi. Usonji si wazimu, wala si maradhi ya kuambukiza. Ni namna ubongo wa mtu ulivyojengeka tangu alipokuwa angali mdogo sana. Mwenye usonji hutambua kwa shida yale tunayosemezana kwa macho na kwa sura. Hupenda mambo yafuate utaratibu ule ule, na kelele au mwanga mkali waweza kumtesa kama vile mwingine ateswavyo na moto. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana juu ya jambo moja walipendalo. Wengine wana akili kali ya vitabu, wengine huhitaji msaada maisha yao yote. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kipimo hicho parokia yenye waamini 10,000 ingekuwa nao karibu 80. Basi tujiulize: wako wapi?

Wengi wamefichwa nyumbani kwa aibu. Wengine wamesingiziwa uchawi, wakaombewa kwa kelele na kwa kufungishwa chakula, kana kwamba pepo ndiye aliyewanyamazisha. Ulaya na Marekani nako walikosea kwa namna yao: kwa miaka mingi wataalamu walimlaumu mama, eti moyo wake ni baridi. Lawama hiyo imekwisha kukanushwa. Mama hana kosa, wala mtoto hana pepo.

Lakini tuseme kijana amepita salama katika hayo yote. Wazazi wamemtunza, walimu wamemvumilia, amepata diploma yake ya Serikali, na sasa anagonga mlango wa chuo. Hapo ndipo latokea swali letu la leo. Kijana huyu aomba afanyie mtihani katika chumba kitulivu, mbali na mngurumo wa jenereta. Aomba nusu saa ya ziada. Aomba apewe maagizo kwa maandishi, kwa sababu maneno ya mdomo humpotea njiani. Mwalimu aliye mwema na mnyofu ajibu: «Siwezi. Nikimpa huyu, nimewadhulumu wenzake mia mbili. Haki ni kipimo kimoja kwa wote.»

Hatuwezi kumdharau mwalimu huyo. Katika nchi ambamo upendeleo umeharibu mambo mengi, mtu ashikaye kipimo kimoja ni mtu wa heshima. Hata hivyo twasema amekosea, nasi yatupasa kuonyesha kosa liko wapi.

Tazameni mama agawapo chakula. Mtoto mchanga humpa uji, mumewe humpa bugali na sombe, bibi asiye na meno humpondea ndizi. Hakuna asemaye mama huyo ana upendeleo. Kipimo chake ni kimoja kweli, nacho ni kwamba kila mmoja ashibe. Sahani ndizo zinazotofautiana. Au tazameni mwanafunzi mwenye miwani. Je, amewaibia wenzake? La. Mtihani wa sheria wapima ujuzi wa sheria, haupimi nguvu ya macho. Vivyo hivyo haupimi uwezo wa kuvumilia jenereta.

Kwa hiyo twaona njia ya kuamua. Katika kila shughuli kuna mambo mawili: lililo la kazi yenyewe, na lililo la mazoea yetu tu. Lililo la kazi yenyewe haliondolewi kwa ajili ya mtu yeyote. Muuguzi wa chumba cha dharura hana budi awe mwepesi; tukimwondolea sharti hilo tutamdhulumu mgonjwa. Lakini lililo la mazoea, likimfungia mtu mlango bila sababu, haki yataka liondolewe. Kufanya hivyo si huruma tu, ni kumlipa mtu deni lake.

Mtu atasema ni vigumu kubadili mazoea. Tukumbuke basi tuliyoyaona kwa macho yetu. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola ilipita katika nchi yetu ya Beni na Butembo, ikaua watu 2,287. Siku zile tuliacha kupeana mikono, sisi ambao kusalimiana kwetu ni nusu ya adabu. Tulinawa kila mlangoni. Tuliwazika wafu wetu kwa namna ambayo wazee hawakuijua. Ilituuma, lakini tulifahamu kwamba heshima ni jambo moja na kushikana mikono ni jingine. Ikiwa tuliweza kutenga hayo mawili kwa ajili ya kuokoa uhai, hatuwezi kuyatenga kwa ajili ya kijana asiyeweza kumsalimu mkubwa wake kama wengine wasalimuvyo? Yeye hana kiburi. Apita kimya kwa kuwa hajui ni lini na ni kwa maneno gani aanze.

Tena kuna jambo la kutafakari. Nyumbani kwetu kijana ainamishaye macho mbele ya mzee husifiwa kwa adabu. Kijana yule yule aendapo kuomba kazi ofisini, akiinamisha macho, huambiwa kwamba anaficha jambo. Basi kutazama macho ni mazoea, tena ya kuazima. Mwenye ghala amtakaye mtu wa kuhesabu mifuko ya kahawa na ampe mifuko ahesabu. Hapo atamjua kwa saa moja kuliko kwa maswali ya siku nzima.

Sasa tueleze habari ya mtu mmoja wa kweli. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett, mzaliwa wa mji mdogo wa Forest, katika jimbo la Mississippi. Alipokuwa bado mdogo sana, wazazi wake walishauriwa kumweka katika nyumba ya kutunzia watoto, mbali nao. Walimweka, kisha wakamrudisha. Baadaye walimpeleka akae na mtu na mkewe, wakulima wa kawaida, wasio na elimu kubwa. Donald alikuwa na desturi ya kupimapima vitu na kuhesabu bila kukoma. Wakulima wale hawakumpiga wala kumnyamazisha. Alipopenda kupima, walimpa kisima achimbe, awaambie kimefika kina gani. Alipohesabu mistari ya mahindi, walimwacha ahesabu huku akiilima kwa farasi na plau. Daktari alipowatembelea alistaajabia hekima ya wakulima wale.

Donald alimaliza shule, akaenda chuo cha Millsaps, akasoma Kifaransa, akapata shahada yake mwaka 1958. Alifanya kazi ya hesabu katika benki ya mji wake miaka mingi. Alijifunza kuendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki mwezi Juni 2023, akiwa na umri wa miaka 89, na watu wa mji wake walimjua na kumpenda.

Wengine watasema: «Benki ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Maskini afanyeje?» Ni kweli, wala hatufichi. Lakini wale waliomfundisha kazi hawakuwa na benki. Walikuwa na shamba na macho ya kuona. Nasi milimani kwetu mashamba tunayo. Tena Butembo ni mji wa wafanyabiashara, ambamo maduka mengi hushikwa na jamaa. Mjomba ambaye humweka mpwa wake mwenye maneno mengi kwenye sanduku la fedha, aweza pia kumweka yule mkimya kwenye daftari la mali. Labda hatajuta, maana kijana huyo huona senti iliyokosekana kabla ya mwingine yeyote.

Liko neno jingine, gumu zaidi. Watu husema: «Vijana wetu wazima, wenye shahada, wanasukuma chukudu kwa kukosa kazi. Tangu 2014 wauaji wametunyima usingizi huko Beni. Watu wamekimbia mashamba. Je, huu ndio wakati wa kumtafutia kazi mwenye usonji?» Twajua uchungu wa neno hilo. Lakini tutazame vizuri. Hatuombi aliye mzima anyang'anywe nafasi yake apewe asiyeweza. Twaomba tu kwamba awezaye asifukuzwe kwa kosa la kutofanana. Na katika vita ndiye aumiaye mara mbili: amani yake yote imejengwa juu ya vitu kukaa mahali pake, na vita huhamisha kila kitu. Ikiwa haki ni ya siku za shibe tu, si haki tena.

Viongozi wa nchi nao wamekwisha kusema. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yawapa wenye ulemavu haki ya kulindwa kadiri ya mahitaji yao, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 yaeleza haki hizo kwa mapana. Kanisa pia limesema. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba wenye ulemavu wapewe nafasi katika kazi kadiri ya uwezo wao. Na mwezi Novemba 2014 Papa Fransisko alikutana Vatikano na watu wenye usonji na jamaa zao, akahimiza upweke wao uvunjwe. Lakini sheria na barua hazifungui mlango; mkono wa mtu ndio ufunguao.

Basi tufanyeje? Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo letu, alianzisha Chuo Kikuu cha Graben hapa Butembo mwaka 1989, ili watoto wetu wasikose elimu kwa sababu ya umbali. Umbali wa barabara umepungua. Kuna umbali mwingine. Katika kila chuo achaguliwe mwenzi mmoja wa kumwonyesha kijana huyu madarasa kabla masomo hayajaanza, na kumwarifu mapema ratiba inapobadilika. Michezo ile ya kuwatesa wanafunzi wapya imkome. Kwake si mchezo. Mwajiri naye ampe mwezi mmoja wa majaribio, kazi iliyogawanywa hatua kwa hatua, mtu mmoja wa kumwuliza, na pembe isiyo na kelele. Tena amlipe mshahara kamili. Wapo wamtumiao kijana wa namna hii mwaka mzima kwa soda na ahsante, kwa kuwa hajui kudai. Huo ni wizi. Na mapadri wafikiri: vitabu vyetu vya ubatizo vinahitaji mtu wa kuvipanga kwa jina na kwa mwaka bila kuchoka. Je, hayumo parokiani?

Wala tusiwasahau wasioweza chuo wala ajira. Thamani ya mtu haitoki katika kazi. Kazi ndiyo ipatayo thamani kwa mtu aifanyaye. Asiyeweza kuhesabu hata mfuko mmoja ni mtoto wa Mungu sawasawa na mwenye shahada, naye ana haki ya kukaa kati yetu Misani, hata akipiga kelele.

Wako mama wengi ambao usiku, watu wote wamelala, hujiuliza swali moja: «Nikifa, nani atabaki naye?» Hawamwambii mtu, kwa aibu. Jibu lake si neno la faraja. Jibu ni duka moja, daftari moja, jirani mmoja aliyemzoea kijana wakati mama yake yu hai bado.

Mwenye shamba wa Injili alikuwa na vibarua tangu alfajiri. Angeweza kukaa kivulini. Alitoka tena, jua likishuka, akauliza. Nasi tutoke.