Haki ya Watu wa Nyumbani

Ndugu zetu wa Meru na Embu, twataka kusema neno juu ya jambo linaloulizwa sana barazani: je, yafaa mwalimu au mtumishi wa Serikali kuacha kazi mapema, akaridhika na pesa chache, ili akae na jamaa zake?

Sheria imeruhusu. Umri wa kustaafu uliongezwa mwaka 2009 kutoka miaka 55 hadi 60, lakini aliyefika 50 aweza kuomba kuondoka. Wala hatufichi hasara yake. Katika utaratibu wa zamani wa pensheni, kila mwezi wa kazi huhesabiwa sehemu moja kati ya 480 ya mshahara wa mwisho. Aliyetumika miaka 25 hupata sehemu tano kati ya nane. Angalitumika 35 angalipata saba. Tofauti hiyo ni robo ya mshahara, nayo si ndogo.

Lakini tuutazame na upande wa pili wa mizani. Mtu wa Runyenjes au Nkubu hupelekwa kazini Wajir au Turkana, na wanawe humwona siku za likizo kama mgeni. Arudipo na miaka 60, yule mtoto aliyetaka kufunzwa na baba yake amekwisha kuoa na kuhama. Salman Al-Farisi alipomkuta Abu Dardaa amezama katika saumu na sala hata mkewe amesahauliwa, alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na jamaa zake wana haki, na Mtume (S.A.W.) akamsadiki. Ikiwa ibada haikuruhusiwa kula haki ya mke, tamaa ya nyongeza ya mshahara itaruhusiwaje?

Hata hivyo hatuhubiri uvivu. Mtume alimzuia Saad bin Abi Waqqas kuusia mali yake yote, kwani kuwaacha warithi na ukwasi ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Basi mwenye deni la riba, au ambaye karo ya wanawe haijulikani itokako, na asubiri. Naye atakayeondoka alipe madeni kwanza, ashauriane na mkewe, wala kiinua mgongo asikitupe katika karamu na gari la fahari. Kahawa na chai za milima yetu zataka mikono. Alimaye shambani mwake asubuhi akasomesha wanawe jioni, huyo hakuiacha kazi.

Kila mmoja ajiulize: pesa hizi nazitafuta kwa ajili ya nani, na je, yeye ananiona?