Kabla Hujaliongezea Prado Chochote

Mpwa wangu,

Orodha yako nimeipata. Unataka kuliinua gari kwa inchi 2, ulivishe matairi ya 285, bampa la chuma lenye winchi, keria ya juu, taa za LED, skrini kubwa ya redio, na chini kabisa, kwa aibu aibu, umeandika "kucheki injini". Mimi orodha hiyo naisoma kuanzia chini kwenda juu, na ningependa nawe uisome hivyo kabla hujatoa hata shilingi.

Tuelewane kwanza: gari si baya. KZJ95 ya 1998 ni katika zile Prado ambazo Toyota ilizitengeneza kati ya 1996 na 2002, milango mitano, injini ya 1KZ-TE ya dizeli, lita 3, bodi imekaa juu ya fremu. Spea zake zimejaa Gerezani, Dar es Salaam, na ukiwa Nairobi utazikuta Kirinyaga Road, kuanzia mpya za kiwandani hadi zilizochinjwa kwenye magari mengine. Kwa hiyo nikikukataza jambo hapa, si kwamba nalidharau gari lako, wala sitaki uliuze ukope benki ununue la kisasa.

Uliniuliza kwenye simu kama hela utakazoliongezea zitarudi siku ya kuliuza. Hazirudi. Anayenunua Prado la zamani analipia injini, giaboksi, bodi na kadi. Winchi yako ataipokea kama bahashishi. Wapo hata wanaolikwepa gari lililoinuliwa, wakiamini limekimbizwa porini mpaka likachoka. Hesabu ya kupiga ni ya miaka utakayokaa nalo. Tuseme umelitia milioni 6. Ukikaa nalo miaka 5, umelipa laki moja kwa mwezi, na hapo naweza kukuelewa. Ukiliuza baada ya mwaka mmoja, umelipa laki tano kila mwezi. Basi keti na mkeo kwanza mkubaliane mtakaa nalo mpaka lini. Yeye ndiye anayelipeleka shuleni na sokoni kila siku, wewe unalipata Jumamosi.

Mkishakubaliana, lala chini ya gari mwenyewe. Usisimuliwe na fundi. Shika nyundo ndogo ugonge fremu, hasa huku nyuma, pale springi zinapokalia na mikono ya ekseli inapokamatia. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti butu, na pengine nyundo ikazama. Gari hili limeishi Tanga miaka mingi kabla hujalipata, na hewa ya chumvi ya pwani unaijua. Tena hujui lilikotoka huko Japani: yaliyotembea Hokkaido yamekanyaga chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Kutu ya juu juu haina kesi, sugua, paka rangi ya kuzuia kutu, endelea. Lakini fremu ikiwa imeoza mahali panapobeba uzito, mazungumzo yetu yameishia hapo. Usilinunulie hata kapeti.

Fremu ikifaulu, nenda kwenye maji, na hapa naomba usikilize kuliko pengine pote. 1KZ-TE ina hedi ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma, na kila gereji inajua maradhi yake: ikichemsha, hedi hupasuka. Mara nyingi kosa si la injini. Rejeta imeziba, klachi ya feni imechoka, na dereva ana mawazo yake mengine. Desemba mnapanda kwa bibi Iringa. Fikiria mko Kitonga, mmeshapita Ruaha Mbuyuni, gari limejaa watu na magunia, kiyoyozi kinavuma, na mbele yenu lori lenye shehena linatambaa na hakuna pa kulipita. Upepo wote wa rejeta hapo unategemea feni. Winchi haitakusaidia, na lile bampa la chuma litakuwa linaziba sehemu ya upepo.

Kuna kipimo kisichokugharimu kitu. Asubuhi, kabla hujawasha, minya hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu ilhali injini imelala baridi usiku kucha, gesi ya mwako inapenya kwenye maji, na hedi au gasketi ina neno. Tazama pia kama maji hupungua bila kuonekana yanapovujia. Ukikuta dalili hizo, orodha yote ifunge mpaka hedi ifunguliwe. Usipozikuta, badilisha rejeta, pampu ya maji, thamostati na klachi ya feni kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Utakutana na fundi atakayetaka kuitoa thamostati moja kwa moja, akikwambia nchi yetu ya joto haiihitaji. Mkatalie kwa adabu. Injini isiyofikia joto lake huchoma dizeli vibaya na kuchakaa mapema, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba vilevile. Weka kulanti, maji ya bomba yanaacha magamba na kula aluminiamu.

Halafu kuna nyongeza moja ambayo mimi naibariki bila kusita: geji ya pembeni ya joto yenye king'ora. Ile ya kwenye dashibodi hukaa katikati imetulia hata joto linapoanza kupanda, na ikiruka, mara nyingi hedi imeshapata habari. Geji hii ni bei ndogo ukilinganisha na vyote ulivyoandika, na hakuna atakayeiona ukiegesha kanisani. Labda ndiyo maana haimo kwenye orodha yako.

Ukiwa hapohapo, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Jibu likiwa "nadhani", badilisha. Taa ya T-BELT kuzimika haithibitishi kitu, kuna watu huizima na mkanda wakauacha palepale. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo utajikuta unatafuta injini nyingine, yenye namba tofauti na iliyo kwenye kadi yako, uanze safari za TRA.

Sasa kuliinua. Unasema linalala kwenye kona na kugonga kwenye mashimo, ndiyo maana unataka springi ndefu. Mwanangu, hiyo ni lugha ya bushi zilizokufa na shokapu zilizomwaga mafuta. Springi zenye zaidi ya miaka 20 zimeshuka. Ukiweka mpya za kipimo cha kiwandani, na bushi mpya, gari litanyanyuka lenyewe na kutulia barabarani namna ambayo hujawahi kuiona tangu ulinunue. Endesha hivyo miezi kadhaa. Nimewaona wengi waliokuja wakitaka kuinua, wakarudishiwa gari lilivyotoka kiwandani, na hamu ikawaisha. Prado hii mbele ina saspensheni huru: ukiinua, vile vishafti vya kwenda kwenye magurudumu vinakaa mshazari zaidi na buti zake za mpira hukatika haraka. Na hela utakazookoa, sehemu yake inunue boljointi za chini, za kiwandani, si za bei chee. Kwa jinsi zilivyofungwa kwenye gari hili, uzito unazivuta badala ya kuzikandamiza, hivyo ikichoka sana inachomoka na gurudumu linalala. Ikitokea uko kasi na watoto wamo, sitaki kuendelea kusema.

Matairi ni hesabu tupu. La 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi, la 285/75R16 ni 834. Ongezeko ni zaidi ya asilimia 7, maana yake spidomita iliyokuwa sahihi ikisoma 80, wewe uko karibu 86, na askari wa tochi hataki kujua umevaa matairi gani. Juu ya hapo ni mazito, injini ambayo hata sasa haina haraka mlimani itazidi kulalamika, na breki zitabeba zaidi. Baki kwenye kipimo, ila nunua mapya kwelikweli. Soma tarakimu 4 mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa dukani na bado likawa limezeeka.

Taa zako hazimuliki kwa sababu vioo vimekuwa vya njano. Visuguliwe, viwekwe balbu mpya za halojeni. Balbu za LED ndani ya taa iliyotengenezewa halojeni hutawanya mwanga, zikampofusha anayekuja, na wewe mwenyewe usione mbali zaidi. Skrini ya redio weka ukitaka, haina madhara, na kamera ya nyuma ina faida nyumba yenye watoto wadogo. Lakini kabla ya skrini, vuta kila mkanda wa kiti kwa ghafla uone kama unakamata, na mtoto mdogo mnunulieni kiti chake.

Keria ya juu nakubali, mradi mizigo mizito ikae ndani, chini, na juu yapande magodoro na vitu vyepesi. Gari refu hili, ukilipandishia magunia ya mchele kichwani, kwenye kona linaweza kukugeuka.

Linabaki bampa. Najua unalipenda, nimeona jinsi ulivyolipiga picha pande zote. Likiwa na winchi, uzito wake huweza kukaribia kilo 100, wote mbele ya magurudumu, na springi mpya utakazokuwa umeshalipia zitashuka tena. Muulize muuzaji lina kilo ngapi kabla hujamlipa. Akishindwa kukujibu, mwambie utarudi Januari, mkishatoka Iringa.