HOFU SI DALILI YA KUKOSA IMANI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Juma lililopita kijana mmoja alinijia baada ya sala. Watu wa mtaa wake wamemwomba asomeshe watoto Kurani. Yeye anaendesha pikipiki, ana mke na mtoto. Akaniuliza: "Maalim, moyo wangu unataka, lakini naogopa. Kama ni Mungu aliyeniita, mbona ninaogopa?"

Wengi wetu tuna swali hilo. Tunadhani mwenye imani haogopi, na anayeogopa hakuitwa. Tuitazame Kurani.

Katika Sura ya 28, Al-Qasas, tunasimuliwa habari za mama yake Musa (a.s.). Firauni alikuwa akiwachinja watoto wa kiume wa Bani Israili. Mama akapewa ilhamu amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia amtie mtoni. Aliambiwa asiogope wala asihuzunike, akaahidiwa kwamba mtoto atarudishwa kwake na atakuwa Mtume. Hata hivyo moyo wake ulibaki mtupu, akakaribia kuitoa siri. Ahadi ameipata, na hofu bado anayo! Mwenyezi Mungu hakumtoa katika waumini kwa sababu ya hofu hiyo. Aliutia nguvu moyo wake ili abaki miongoni mwao.

Tena, mama huyo alimwambia dada yake Musa afuate nyuma, amtazame mtoto kwa mbali. Kumtegemea Mungu hakukumzuia kutuma mtu.

Wavuvi wetu wa Kalundu wanalijua jambo hili. Anayetoka usiku na taa kutafuta ndakala analiogopa ziwa. Kwa kuwa analiogopa, anatazama upepo na kuziba tundu la mtumbwi kabla ya kuusukuma. Lakini anayengoja ziwa lisilo na hatari, watoto wake watalala njaa.

Je, kila tamaa ni wito? Hapana. Ujasiri nao si dalili ya kuitwa. Mwizi pia ni jasiri. Jiulize: kazi hii itamfaa nani? Ningeifanya hata kama hakuna wa kunisifu? Na gharama yake italipwa na nani? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwapoteza wale anaowalisha. Anayeruka na kumwachia mke wake njaa asiseme ametawakali.

Mimi mwenyewe, Oktoba 1996, vita vilipoingia Uvira, maalim wangu alivuka ziwa akaniachia chuo. Nilikuwa kijana. Nilisema nitafungua hofu ikiisha. Wiki zikapita, haikuisha, na watoto walikuwa wakisahau herufi. Mwishowe nilianza nayo hofu yangu, na watoto wanne mkekani.

Basi kijana nilimjibu hivi: sali rakaa mbili za istikhara, zungumza na mke wako, asubuhi endesha pikipiki, baada ya alasiri somesha. Usingoje moyo utulie ndipo uanze.

Na sisi je? Ndugu zangu, mtoto alitiwa majini na mama, lakini kulikuwa na mtu wa kumfuata ukingoni. Sisi tuliomwomba kijana huyu asomeshe watoto wetu, tukishamwitikia "mashallah" tukarudi nyumbani, tumemtia mtoni bila mtu wa kumtazama. Kila nyumba yenye mtoto chuoni itoe inachoweza: franka kidogo, mihogo, mafuta ya taa. Huenda hofu yake kubwa si kwamba Mungu atamwacha. Huenda anaogopa kwamba sisi tutamwacha.

Ee Mola, zitie nguvu nyoyo za unaowaita, na utujaalie tuwe wenye kuwasaidia. Amin.

Wabillahi tawfiq.