Daktari, Mpigie Bwana Mifugo Leo!

Daktari, simama! Weka kalamu chini, mgonjwa anayefuata atasubiri kidogo.

Asubuhi umeletewa mtoto aliyeng'atwa na mbwa. Umeosha kidonda, umemwanzishia chanjo, umemwambia mama yake siku ya kurudi. Umefanya vema. Lakini mbwa yuko wapi? Ni wa nani? Amemng'ata nani mwingine? Amekufa, amefungwa, au bado anazurura kwenye njia ya watoto waendao shule?

Hujui. Anayeweza kujua ni bwana mifugo wa kata, ambaye ofisi yake iko ng'ambo ya barabara, na namba yake ya simu huna!

Na wewe, bwana mifugo, usicheke. Uliitwa kijijini kumtazama mbwa anayetokwa mate na kung'ata kila kilicho mbele yake. Akauawa, akazikwa, ukaandika ripoti. Uliuliza amewang'ata akina nani? Uliwahimiza waende zahanati? Ulimwarifu mganga mfawidhi? Ripoti yako imelala ndani ya faili, na virusi vinapanda taratibu kwenye neva za mtu ambaye leo anapalilia mahindi yake na kucheka na majirani.

Mnajua! Hilo ndilo linalonichoma. Mlifundishwa chuoni, mkaulizwa kwenye mtihani, mkajibu, mkafaulu. Mnajua kwamba takribani magonjwa sita katika kila kumi ya kuambukiza yanayompata binadamu yana asili ya wanyama. Mnajua kwamba kimeta hakitofautishi ng'ombe na mchungaji wake. Mnajua, na bado kila mmoja anafunga ofisi yake saa tisa na nusu na kwenda nyumbani bila kumsalimu mwenzake.

Amkeni!

Kichaa cha mbwa hakisubiri kikao. Dalili zikishaanza, mgonjwa akishaanza kushtuka kwa kuona maji, koo likishakaza, upepo mdogo tu ukishamtetemesha, karibu hakuna anayepona. Si kwa dripu, si kwa rufaa, si kwa fedha. Inakadiriwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Na chanjo ipo tangu 1885! Babu yako alikuwa hajazaliwa, na dawa ya kuzuia kifo hiki ilikuwa tayari mkononi mwa binadamu.

Fikiri jambo hili, kwa maana mimi huwa silali nikilifikiri: karibu kila aliyekufa kwa kichaa cha mbwa alikuwa na muda. Alikuwa na wiki kadhaa, pengine miezi, tangu meno yalipozama kwenye nyama hadi siku ya dalili. Mlango ulikuwa wazi wakati wote huo. Mwingine alipakwa pilipili na tumbaku. Mwingine alikwenda zahanati akakuta chanjo imekwisha. Mwingine hakwenda kabisa, kwa sababu hakuna aliyepita nyumbani kwake kumwambia kwamba yule mbwa mdogo mpole aliyemkwaruza mkononi alikufa siku nne baadaye. Mlango ulikuwa wazi, halafu ukafungwa.

Chelewa chelewa, wahenga walisema, utakuta mwana si wako. Hapa utamkuta kaburini.

Usiniambie haiwezekani! Nenda Pemba. Kisiwa hicho kiliwahi kusumbuliwa na kichaa cha mbwa, mbwa wakachanjwa, ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ukarudi, virusi vikiwa vimeletwa na mbwa kutoka nje ya kisiwa. Watu walifanya nini? Walifungua rejista za hospitali na kuangalia nani ameng'atwa. Wakatoka na majina hayo, wakaenda nyumba kwa nyumba, wakauliza mbwa alitoka wapi, alielekea wapi, aliwang'ata watu gani na mbwa gani. Wakachukua sampuli, wakasoma vinasaba vya virusi, wakajua kipi kimezaa kipi. Wakachanja mbwa kisiwa kizima. Kufikia mwisho wa 2018 ugonjwa ulikuwa umetokomezwa tena.

Jina la mgonjwa lilitoka kwenye daftari la hospitali. Habari za mbwa zilitoka kwa watu wa mifugo. Daftari peke yake lisingetosha! Sindano ya mbwa peke yake isingejua ielekee shehia gani!

Tena hesabu yenyewe si ngumu. Chanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka, na virusi vitakosa pa kukimbilia. Usiwaache watoto wa mbwa eti kwa sababu ni wadogo. Usingoje mpaka mtu afe ndipo gari la chanjo litoke na kipaza sauti.

Lakini kichaa cha mbwa angalau kinapiga kelele. Yapo magonjwa yanayoua kimya kimya.

Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari waliwadhania 528 kuwa na malaria. Maabara ilipopima kwa makini, malaria ilikuwa ndiyo chanzo kwa wagonjwa 14. Kumi na wanne! Waliobaki walikuwa na nini? Si wachache kati yao walikuwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama: homa ya mgunda, homa ya Q, bruselosi, homa zinazoletwa na kupe.

Siwalaumu madaktari wale. Vipimo vilikuwa haba na wodi zilijaa. Lakini nakuuliza wewe wa leo: mgonjwa wako wa homa umemuuliza kama anafuga? Umemuuliza kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa? Umemuuliza kama ng'ombe wake wametupa mimba mwaka huu? Ni maswali matatu tu! Huhitaji mashine kuyauliza. Na akikujibu ndiyo, bwana mifugo anahitaji kulisikia jibu hilo kabla zizi la jirani nalo halijaambukizwa.

Julai 2022 wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilitikiswa na ugonjwa ambao mwanzoni watu hawakuujua. Watu walitokwa damu puani, wakaishiwa nguvu, watatu wakafa. Ikagundulika ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Je, ni wilaya ngapi nyingine zinao na hazijawahi kuutafuta?

Sasa sikiliza habari ya Bonde la Ufa, maana inatia uchungu zaidi.

Mwishoni mwa 2006 mvua zilifurika kaskazini mashariki mwa Kenya. Mbu wakazaliwa kutoka kwenye mayai yaliyolala ardhini kwa miaka. Kondoo wakatupa mimba, mbuzi wakatupa mimba, vitoto vikafa kwa makundi. Wafugaji waliona! Wazee waliokwishapitia mafuriko ya 1997 waliona, wakasema, wakahofu. Lakini kengele ya serikali ililia pale binadamu walipoanza kufa. Homa ya Bonde la Ufa ikaua zaidi ya watu 150 Kenya, na ilipovuka mpaka mwaka 2007 ikaua zaidi ya 100 Tanzania. Kondoo walitangulia kutuonya. Nani alikuwa zamu ya kuwasikiliza?

Na tazama ajabu hii. Ugonjwa huo ulipoelezwa kwa mara ya kwanza, kutokana na kondoo waliokufa karibu na Ziwa Naivasha, maandiko yalitolewa mwaka 1931 na watu watatu: Daubney na Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na Garnham, daktari wa binadamu. Walitia majina yao kwenye karatasi moja! Yale yaliyowezekana kwa barua na garimoshi, wewe mwenye simu mfukoni unasema yanahitaji mwongozo kutoka juu.

Mwongozo upo. Tangu 2018 Tanzania ina Dawati la Afya Moja, la kuunganisha afya ya binadamu na ya wanyama, katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Kenya ina kitengo chake cha pamoja cha wizara mbili. Semina zimefanyika, posho zimelipwa, picha ya pamoja imepigwa mbele ya bango. (Mabango tunayaweza sana.) Lakini Dawati la Dodoma halitakuja kumkamata mbwa wa kijijini kwako. Wewe ndiye uliye pale!

Usiseme bajeti. Usiseme barua haijafika. Usiseme wale wako wizara nyingine. Virusi havisomi muundo wa serikali.

Geuka leo! Mganga mfawidhi, andika namba ya bwana mifugo ukutani, karibu na meza ya kuchomea sindano, ili hata muuguzi wa zamu ya usiku aione. Kila anapong'atwa mtu, piga. Bwana mifugo, pokea, washa pikipiki, nenda. Ukikuta mbwa anayeshukiwa amekufa, chukua sampuli kabla hajazikwa; akiwa mzima, afungwe na uangalizi uendelee siku kumi. Kisha mpigie mganga umpe jibu, maana yeye naye anangoja. Mkurugenzi, wawekee mafuta, kwa sababu pikipiki haiendi kwa moyo wa kujitolea.

Na wewe msomaji usiye na koti jeupe wala buti za zizini, unadhani umepona? Ng'ombe akifa ghafla na damu ikimtoka puani, usimchune, usigawane nyama ya kibudu na majirani, usiwatupie mbwa! Vijidudu vya kimeta hukaa udongoni miaka mingi. Mwite bwana mifugo. Maziwa yachemshe. Uking'atwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mbwa ni wa shemeji yako, hata kama unaona aibu. Kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo, na usiruke dozi hata moja.

Gari la chanjo likipita kijijini, mtoe mbwa wako nje. Usimwachie mtoto ampeleke peke yake. Mfunge kamba mwenyewe, simama naye kwenye foleni, dai kadi yake uitunze. Na kama mtaani kwenu yupo mbwa asiye na mwenyewe, usingoje uulizwe: mwambie bwana mifugo analala wapi na hutoka saa ngapi.