Safari Yako Ilianza Vipi?

Washa redio yoyote jioni, au fungua YouTube, swali ni lile lile. "Karibu sana studioni. Hebu tuambie, safari yako ya muziki ilianza vipi?" Na msanii, kama mtu ambaye amepanda matatu hiyo mara mia, anajua vituo vyote. Kwaya ya kanisa. Mzazi aliyekataa. Kulala kwa sakafu ya studio ya mtu. Halafu ule wimbo mmoja uliomtoa. Mwishoni, neno kwa vijana: msikate tamaa.

Mimi pia nimeuliza hilo swali sana, maana mahojiano ndiyo yananilipia nyumba, hata kama ni kidogo kidogo. Ninaishi Kyumbi, pale njia ya Machakos inapoachana na barabara ya Mombasa. Wengi wanapajua kwa kupita tu. Lakini kuna baa zenye bendi wikendi, na kuna vijana wanaopiga video za nyimbo za Kikamba kwa kamera ya kukodi. Kukaa na hawa ndiko kumenifanya nijiulize kama lile swali ni la haki.

Shida yangu ni hilo neno safari. Safari ina nauli. Ukishaita maisha ya mtu safari, njaa yake inageuka kuwa nauli: ilibidi ailipe ndio afike. Hakuna tena anayeuliza nani alikuwa na deni lake. Mwenye baa aliyemlipa kwa chupa mbili, promota aliyezima simu saa nane usiku, kituo kilichocheza wimbo wake miaka na miaka bila kutoa shilingi, wote wanaingia kwenye hadithi kama mashimo ya barabarani. Na shimo huwezi kulishtaki.

Kuna mzee mmoja hapa mpiga gitaa, amelelewa na benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Kakai alifariki 1987 na bado ukiingia baa zetu Jumamosi utamsikia. Siku moja nilimuuliza mzee bendi inalipwa ngapi kwa usiku. Akaangalia kando, akapunguza sauti. "Kijana, hayo huulizi mtu mbele ya watu." Sawa, nikanyamaza. Lakini dakika tano kabla ya hapo, mbele ya watu hao hao, alikuwa ametusimulia kwa raha zake mwaka ambao watoto wake walilala bila kula ndio yeye anunue nyuzi za gitaa. Meza nzima ilicheka, mwingine akamnunulia soda.

Hapo ndipo nimekwama. Njaa ya msanii ni ya kila mtu, malipo yake ni siri. Naelewa ni adabu, kwetu mshahara wa mtu hauulizwi hovyo. Lakini adabu hii inamlinda nani? Mpiga gitaa wa baa hii hajui yule wa baa ya pili analipwa ngapi, kwa hivyo wote wawili wanakubali ile ya chini. Mwenye baa peke yake ndiye anajua hesabu zote.

Mwaka wa 2019 siri hiyo ilipasuka kidogo. MCSK, shirika lililokuwa likikusanya mirabaha ya wanamuziki Kenya, liligawa pesa na kila mwanachama akapata shilingi 2,530. Wasanii walitaja nambari hiyo hadharani, kwa hasira. Nambari hiyo moja ilinieleza zaidi kuhusu maisha ya msanii wa Kenya kuliko safari zote nilizokuwa nimesikiliza.

Si sisi tu. Mtazame Rodriguez wa Detroit, katika ile filamu *Searching for Sugar Man* ya 2012 iliyopata Oscar. Hadithi ni tamu ajabu: mwanamuziki anasahaulika kwao, anafanya kazi ya kubomoa nyumba, kumbe Afrika Kusini ni nyota na yeye hajui. Lakini kuipata hadithi hiyo ikiwa safi, filamu haikusema kwamba alikuwa na mashabiki Australia na alienda kupiga huko 1979 na 1981. Giza lilihitajika liwe giza kabisa. Halafu kuna sehemu ambapo aliyekuwa bosi wa lebo yake anaulizwa pesa za zile rekodi zilienda wapi, na anakuwa mkali. Mimi hapo nilikaa wima. Filamu ikaendelea na safari.

Najua utaniambia mateso ndiyo huzaa sanaa. Labda. Ila anayeulizwa ni yule aliyefika. Aliyekuwa mpiga besi wa yule mzee aliuza gitaa, sasa ana nduthi pale steji. Njaa ilikuwa ile ile. Hakuna redio imewahi kumwita aeleze ilimfunza nini.

Wanuri Kahiu, aliyetengeneza *Rafiki*, amekuwa akitetea kitu anachokiita Afrobubblegum: sanaa ya Kiafrika yenye furaha, isiyolazimika kubeba vita na ukimwi na umaskini ndio ionekane ni ya maana. Yeye anazungumzia kazi. Mimi nataka ruhusa hiyo hiyo kwa maisha ya anayeifanya. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu karo iliisha, basi, na kila nikisema hivyo mtu ananingoja nimalizie na funzo. Sina.

Kwa hivyo sasa naanza na pesa, tukiwa wawili tu, na mtu akikataa naheshimu. Kijana wa kamera hakukataa. "Elfu nane kwa wimbo. Elfu tatu nilipewa, zikaisha kwa kamera. Elfu tano bado anasema ataituma." Alilisema kama mtu anayesoma risiti. Halafu nikamuuliza anafanyaje na jua la Kyumbi la saa sita, lile linaloacha macho ya mtu kama mashimo meusi. Hapo akasimama. Akanionyesha jinsi rafiki yake hushika shuka jeupe chini ya kidevu cha mwimbaji, nje kidogo ya picha, na kwa nini shuka lililofuliwa sana ni zuri kuliko jipya, na tukakaa kwa hilo mpaka betri ya simu yangu ikaisha.