Mlango Wazi Jioni: Kitu cha Bure Kina Deni Gani?



Katika vijitabu vya chama chetu tumezoea kuandika juu ya ndoa, majina, matanga na heshima ya wazee. Leo tunaleta ulizo moja lenye kuonekana dogo: mtu akifunguliwa mlango jioni, akaonyeshwa vitu vya wankambo bila kulipa hata franka moja, je, anarudi kwake bila deni?

Tuanze mbali kidogo, juu kitu chetu kiko kule. Katika mji wa New York, Marekani, kuna nyumba kubwa ya makumbusho ya sanaa, Brooklyn Museum. Mwaka 1923 nyumba hiyo ilifanya maonyesho ya sanaa ya Afrika, na vitu vingi vilivyoonyeshwa vilitoka Kongo ya wakati wa Wabeleji. Kati ya mali yake iko lukasa moja ya Waluba. Tena, mwezi wa kumi wa mwaka 1998, nyumba hiyo ilianza desturi mpya: siku ya posho ya kwanza ya mwezi, jioni, watu wanaingia bure. Kunakuwa muziki, ngoma, filme na masolo juu ya sanaa.

Sisi tunaona kama desturi hii ni nzuri, na tunasema juu ya nini. Mlango wa nyumba ya makumbusho una vifungo viwili: cha kwanza ni bei, cha pili ni saa. Ukiondoa bei na kuacha saa, haujafungua. Hapa kwetu, nyumba nyingi za watu wote zinafungwa saa ile ile mfanyakazi anatoka kazini. Basi nani anaona vitu vya wankambo? Ni wanafunzi wenye kuletwa na mwalimu, ni wageni, ni wakubwa siku ya sherehe. Mama mwenye kuuza bukari sokoni anapita mbele ya ukuta miaka makumi mbili, hajui kama ndani mule kuna kiti cha ukoo wake.

Lakini si wote kati yetu walikubali upesi. Mwenzetu mmoja aliuliza: "Lukasa ilikuwa bure lini?" Ulizo lake ni la kweli, na linaomba jibu.

Lukasa ni ubao wa kushika mkononi, mwembamba katikati, wenye kupambwa ushanga, simbi na alama za kuchongwa. Ulikuwa mikononi mwa chama cha Mbudye. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya ushanga, akaimba na kusimulia: habari za Nkongolo Mwamba, za Mbidi Kiluwe na mwana wake Kalala Ilunga, njia walizopita, vijiji, ukoo wa wakubwa. Ushanga mmoja mkubwa wenye kuzungukwa na midogo unaweza kuwa mulopwe na watu wake. Unaweza: juu wasomaji wawili hawakusoma sawasawa, kila mmoja alisoma kwa kufuata mahali, siku na watu walio mbele yake. Na hakuna mtu aliyefika kwenye kusoma bila kupita ngazi za Mbudye, moja kisha ingine. Kila ngazi ilikuwa na malipo yake na majaribu yake.

Kwa hiyo, kama wazee walifunga, sisi ni nani tufungue kwa kila mpita njia?

Hapa tunataka kusimulia jambo lililotupata wenyewe. Tulifanya jioni moja ya bure katika sali ya masomo ya mtaani. Tulileta picha ya lukasa, kubwa, tukaitundika ukutani. Tukaalika mzee mmoja Muluba mwenye kujua mambo ya kale. Sali ilijaa. Vijana wakamwomba asome. Mzee akaangalia picha kwa wakati mrefu, kisha akasema: "Bana yangu, bushanga naona. Lakini ile kitabu habaisomake mbele ya batu benye kuya mikono mitupu."

Watu wakacheka. Wengine walizani anaomba feza, na mmoja wetu, kwa haya, akatoa franka mfukoni. Mzee akakataa. Halafu msichana mmoja akasimama nyuma, akamletea kiti kizuri kuliko kile alichopewa, akaketi chini karibu naye, akasema: "Nkambo, sina kitu. Lakini ukinipa neno moja, nitalipeleka nyumbani." Mzee akamwuliza jina la baba yake, na la nkambo yake mwanamke. La baba alijua. La nkambo hakujua. Mzee akasema: "Tutaanzia pale." Picha hakuisoma jioni ile. Alieleza tu ginsi ya kumwuliza mzee jina la ukoo bila kumkosea heshima, na sali nzima ikanyamaza, ikasikiliza.

Tulirudi tukibishana njiani, lakini tangu siku ile tumeelewa jambo hili: kulipa feza kunakata deni. Ukinunua tikiti umemaliza; umeona, umetoka, hakuna mtu mwenye kukudai. Mwenye kupewa bure, yeye hajamaliza. Kwenye moto wa jioni, kule kijijini, hakuna mtoto aliyelipia hadisi. Lakini alileta kuni, aliitikia mahali pa kuitikia, na kesho yake alidaiwa kuisimulia wadogo zake. Mwenye kulala katikati ya hadisi aliambiwa mbele ya wote.

Basi tunamjibu mwenzetu hivi. Mlango wa feza na mlango wa siri ni milango miwili. Ule wa feza tuufungue bila kusitasita, maana wazee hawakuuweka. Ule wa siri hauko katika mamlaka ya nyumba ya makumbusho, hapa ao Brooklyn. Nyumba inaweza kuonyesha ubao. Haiwezi kutoa kusoma. Jioni ya bure yenye haki ni ile yenye kumwambia mgeni wazi: hiki unakiona, lakini haukijui bado, na wenye kukijua wana jina na makao.

Tena deni si la mgeni peke yake. Nyumba yenye kutunza kitu cha wengine nayo inadaiwa. Mkaaji wa Brooklyn anaingia bure. Mtoto wa Kabongo, mwenye kitu, angelipa viza na ndege. Mwezi wa sita wa mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubeleji alileta Kinshasa kinyago Kakuungu cha Wasuku, katika nyumba ya makumbusho ya taifa iliyofunguliwa mwaka 2019. Alikileta kwa njia ya kuazima bila kikomo. Mwenye mali kuazimwa mali yake! Tuulize hilo bila kuchoka. Lakini tuulize vilevile: kikiwa hapa, nani atakiona, na saa gani?

Tunajua magumu. Kuran inakatika, usiku watu wanaogopa kurudi, na mlinzi wa jioni lazima alipwe. Bure ya mgeni isiwe njaa ya mlinzi. Hiyo ingekuwa kuiba kwa mkono wa heshima. Kwa hiyo hatuombi kila juma. Tunaomba jioni moja kwa mwezi, na chama chetu kiko tayari kutafuta mafuta ya jenereta.

Msichana yule alirudi mwezi uliofuata. Hakuja na feza. Alikuja na jina la nkambo yake, limeandikwa kwenye kikaratasi, na swali la pili.